Sasquatch: Je, Lisemwalo Lipo?

Filamu inayodaiwa kumwonyesha Sasquatch, kiumbe mkubwa wa manyoya anayesemekana kuishi kwenye misitu ya Amerika Kaskazini, haifiki dakika moja. Ni picha 954 tu, zilizopigwa tarehe 20 Oktoba 1967 kando ya Bluff Creek, kijito kilichojificha kwenye misitu ya kaskazini mwa California. Roger Patterson na Bob Gimlin walikuwa juu ya farasi. Kwa maelezo yao, walipopinda kona farasi walishtuka, Patterson akaruka chini, akachomoa kamera ya kukodi kwenye mkoba wa tandiko na kuanza kukimbia huku akipiga. Ndiyo maana mwanzo wa filamu unarukaruka: mchanga, magogo, majani, mchanga tena. Kisha mkono unatulia, na pale mbele anaonekana kiumbe mweusi mwenye manyoya mwili mzima, akitembea kwa miguu miwili, mikono mirefu ikining'inia na magoti yamekunjika kidogo. Hana haraka. Kwenye picha ya 352 anageuza kichwa na kifua kwa pamoja kana kwamba hana shingo, anamtazama mpiga picha, halafu anaendelea na safari yake mpaka anapotelea mitini.

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi, polepole, picha moja baada ya nyingine, na mpaka leo kile kitendo cha kugeuka kinanisisimua. Habari ya Sasquatch, ambaye Wamarekani wengi humwita Bigfoot, naipenda tangu utotoni. Naipenda kwa sababu inasema kwamba kwenye bara lenye barabara kuu na satelaiti juu yake, huenda bado kuna ndugu wa ukoo wetu ambaye hatujawahi kumsalimia. Kwa hiyo swali la kama yupo au hayupo nalichukulia kwa uzito wote, na wale wanaolimaliza kwa kicheko naona hawajalitendea haki.

Jibu langu ni kwamba hayupo. Mnyama wa damu na nyama, mwenye kuzaa, kuzeeka na kufa kwenye misitu ya Washington, Oregon, California na British Columbia, hayupo. Lakini sijafika hapo kwa sababu zinazotajwa kila siku, maana nyingi kati ya hizo hazina mashiko.

Chukua ile inayopendwa kuliko zote: "Angekuwepo si tungekuwa tumeshamwona?" Historia ya wanyama imejaa viumbe wakubwa waliojulikana vizuri na majirani zao huku wasomi wa mbali wakiwa hawana habari. Gorila wa milimani aliingia kwenye vitabu vya sayansi baada ya mwaka 1902, pale ofisa wa Kijerumani Robert von Beringe alipowapiga risasi wawili kwenye mlima Sabyinyo. Watu walioishi chini ya mlima ule hawakuhitaji ofisa wa kuwaambia nini kinakaa juu yake.

Kisa cha okapi ni kitamu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Harry Johnston, aliyekuwa akiiwakilisha serikali ya Uingereza nchini Uganda, alisikia kwa Wambuti wa msitu wa Ituri habari za mnyama mwenye milia anayefanana na punda. Akaingia Kongo kumtafuta. Wenyeji wakamwonyesha nyayo. Zilikuwa nyayo za kwato zilizopasuka kati, na Johnston, ambaye kichwani mwake alikuwa ameshaamua kwamba anatafuta jamii ya farasi, akaona hizi si zenyewe, akaacha kuzifuata. Wenyeji ndio waliokuwa sahihi. Alichoweza kupata kwanza ni vipande vya ngozi ya milia vilivyogeuzwa mikanda, akavipeleka London. Baadaye zikaja ngozi nzima na mafuvu, na mwaka 1901 wasomi wakatambua kwamba punda yule wa msituni ni ndugu wa twiga.

Na si lazima turudi zama za wakoloni. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye mlima Rungwe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, waliambiwa na wawindaji habari za kima mwenye haya anayeitwa kipunji. Wanyakyusa wana hazina kubwa ya hadithi za msituni, na ndani ya hadithi hizo wanyama wa kweli na wa kusimuliwa hukaa pamoja bila ugomvi, kwa hiyo watafiti hawakuwa na uhakika kama kipunji ni mnyama au ni mzimu. Wakaamua kumfuatilia. Msitu ule ni mnene, miteremko yake mikali, na kima yule alikuwa mwepesi wa kutoweka. Lakini kadiri walivyozidi kukaa ndivyo alivyozidi kujitokeza: manyoya marefu ya kahawia, kishungi cha nywele kilichosimama kichwani, ncha ya mkia iliyofifia kuelekea weupe, na mlio mzito wa chini unaochanganya honi na mbweko. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti lilimkuta kima yuleyule kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Mwaka 2005 akatangazwa rasmi. Kisha mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima, mwili wake ukafikishwa maabara, na mwaka 2006 fuvu na vinasaba vikaonyesha kwamba anastahili jenasi (yaani kundi la kisayansi la spishi zinazokaribiana) ya peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba habari za viumbe wa msituni ni porojo za wanakijiji, namwomba amkumbuke kipunji. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na pale Rungwe lilikuwepo kweli.

Ila tazama mwendo wa habari yenyewe. Kipunji alianza kama jina, akawa kivuli kwenye vilele vya miti, akawa sauti, akawa picha, akawa mwili mezani, akawa vinasaba. Yote hayo kwa miaka mitatu hivi. Kila aliyesogea karibu aliona zaidi ya aliyemtangulia. Okapi naye alitokeza hivyo hivyo, mkanda kwanza, ngozi nzima baadaye, fuvu baadaye. Mnyama wa kweli ukimkaribia hukua machoni. Kwa Sasquatch nimelitafuta jambo hilo moja kwa miaka mingi, na sijalipata popote. Kila chombo kipya cha kutazamia kinapoletwa msituni, yeye hurudi nyuma hatua moja na kubaki na ukungu uleule wa mwaka 1967.

Jina Bigfoot lilienea kutokana na tukio la Agosti 1958. Dereva wa tingatinga aliyeitwa Jerry Crew, aliyekuwa akikata barabara ya wavuna magogo karibu na Bluff Creek, alikuta asubuhi nyayo zimezunguka mtambo wake. Zilifanana na za mtu asiye na viatu, lakini urefu wake ulikaribia sentimita 40 na nafasi kati ya hatua na hatua ilikuwa kubwa. Akazimiminia plasta, na picha yake akiwa ameukumbatia ule unyayo wa plasta ikatoka kwenye gazeti la Humboldt Times mwezi Oktoba, kisha ikasambaa nchi nzima. Mkandarasi wa barabara ile alikuwa Ray Wallace. Wallace alipofariki mwaka 2002, familia yake ilijitokeza na miguu mikubwa ya mbao iliyochongwa, ikasema kwamba hiyo ndiyo iliyotumika, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa mizaha.

Watetezi wa Sasquatch husema kwamba jozi moja ya miguu ya mbao haiwezi kueleza nyayo zote zilizoonekana kuanzia Alaska mpaka California. Ni kweli, haiwezi. Lakini nyayo za 1958 si nyayo zozote tu. Ndizo zilizoanzisha msako wa kisasa, ndizo zilizowavuta watu Bluff Creek, na Patterson alikwenda pale miaka tisa baadaye kwa sababu ya sifa ya mahali pale. Mwaka mmoja kabla ya filamu alikuwa ameshachapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu kiumbe huyo, na safari yenyewe ilikuwa ya kumtafuta ili ampige picha. Haimaanishi alidanganya. Mtu anayekwenda kutafuta kitu ndiye mwenye nafasi kubwa ya kukiona. Inamaanisha tu kwamba filamu ile, tunayoisifu kana kwamba imeanguka kutoka mbinguni, ina ukoo wake, na babu wa ukoo huo anaweza kuwa kipande cha mbao.

Tukirudi kwenye filamu yenyewe, ugumu wake uko mahali ambapo wengi hawapatazami: mwendo wa kamera. Kamera ile ya milimita 16 ilikuwa na kitufe cha kuchagua kasi, na hakuna anayejua kwa hakika kilikuwa wapi siku ile. Kama ilikuwa picha 24 kwa sekunde, basi picha zote 954 ni sekunde 40 hivi, na kiumbe yule anatembea kwa kasi ya kawaida ya binadamu. Kama ilikuwa 16, ni karibu dakika nzima, na mwendo unakuwa mzito, wa ajabu, usioigika kirahisi. Wataalamu wa viungo wamebishana kuhusu filamu hii kwa miaka zaidi ya 50, na mara nyingi ubishi wao, ukiuchimba, unatua kwenye namba hiyo moja isiyojulikana. Urefu wa kiumbe nao unategemea umbali na lenzi, kwa hiyo makadirio yanapishana sana.

Upande wa pili, unaosema kwamba yule ni mtu aliyevaa vazi la manyoya, nao haujakaa vizuri. Mwaka 2004 mwanamume mmoja kutoka jimbo la Washington alitangazwa kwenye kitabu kuwa ndiye aliyevaa vazi lile. Mtengeneza mavazi wa North Carolina naye akadai ndiye aliyeliuza. Lakini maelezo ya wawili hao kuhusu vazi lenyewe, lilitengenezwa na nini na lilivaliwaje, hayapatani. Vazi halijawahi kuonekana. Patterson alikufa kwa saratani mwaka 1972 bila kubadili kauli, na Gimlin, ambaye hakupata utajiri wowote kutokana na filamu ile, amesimama na maelezo yake miaka yote. Namheshimu kwa hilo. Baada ya kuyapima yote, naona filamu ile peke yake haiwezi kuamua kesi hii kwa upande wowote, na kesi isiyoamuliwa na shahidi wake bora inabidi itafutiwe mashahidi wengine.

Mashahidi wengine ni nyayo, nywele na mifupa.

Kwenye nyayo, mtetezi ninayemheshimu zaidi ni Grover Krantz, mwanaanthropolojia wa Washington State University. Alikuwa msomi halisi, na kwa kumtetea Sasquatch hadharani alijitwika dharau ya wenzake. Alivutwa na nyayo za plasta zenye mistari midogo kama alama za vidole, mistari ambayo aliona hakuna mchonga mbao angeweza kuibuni. Hoja hiyo ilinishika sana nilipoisoma mara ya kwanza. Majaribio ya watu wengine baadaye yalionyesha kwamba mistari ya namna hiyo inaweza kujichora yenyewe plasta inapokauka juu ya udongo mkavu laini. Krantz alifariki mwaka huohuo wa 2002 alipofariki Wallace. Alikuwa ameagiza mwili wake utolewe kwa sayansi, na mwaka 2009 mifupa yake iliwekwa kwenye maonyesho ya makumbusho ya Smithsonian pamoja na mifupa ya mbwa wake mpendwa, wakiwa wamekumbatiana. Mtu aliyetumia maisha yake kuomba mifupa ya kiumbe mwingine aliacha ya kwake.

Nywele ndizo zilizonimaliza mimi. Mwaka 1976 Peter Byrne, mwindaji mashuhuri wa Sasquatch, aliiomba FBI ichunguze nywele 15 zilizokuwa zimeshikana na kipande kidogo cha ngozi, ambazo yeye na wenzake walishindwa kuzitambua. FBI ilizichunguza, na jibu la mwaka 1977 lilikuwa kwamba ni za mnyama wa jamii ya kulungu. Faili lenyewe liliwekwa wazi kwa umma mwaka 2019. Kisha ikaja enzi ya vinasaba. Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, alifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa muda mrefu: aliwaita watu wote wenye nywele za viumbe hawa, kutoka Amerika mpaka Himalaya, wamtumie, naye akaahidi kuzipima bila dharau. Sampuli 30 zilitoa majibu, yakachapishwa mwaka 2014. Zile za Marekani zilikuwa za dubu, farasi, ng'ombe, nungunungu, rakuni, jamii ya mbwa, na moja ya binadamu. Kiumbe asiyejulikana hakuwemo hata mmoja. Mbili za Himalaya zilizua gumzo kwa muda, wengine wakaja kuonyesha kwamba ni za dubu wa kahawia wa milima ile.

Uzito wa matokeo hayo hauko kwenye idadi. Uko kwenye walioleta. Hawa si watu wa mzaha. Ni watu waliotunza nywele zile kwenye bahasha miaka na miaka wakiamini kwamba ndizo bora walizo nazo. Kipunji alipofika maabara alizidi kuwa wa ajabu, hadi akahitaji jenasi yake. Sasquatch anapofika maabara anageuka ng'ombe.

Mifupa ni fupi kueleza. Wanaotafuta babu wa Sasquatch humtaja Gigantopithecus, nyani mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, aliyegunduliwa mwaka 1935 pale Ralph von Koenigswald alipokuta meno yake yakiuzwa kama dawa huko Hong Kong. Alikuwepo kweli. Lakini mabaki yake yanatoka kusini mwa China na maeneo ya jirani, alikuwa mla majani wa misitu ya joto, na utafiti uliotoka mwaka 2024 unaonyesha alitoweka kati ya miaka 295,000 na 215,000 iliyopita. Kati ya hapo na Oregon kuna bahari, barafu na maelfu ya kilomita, na katika bara lote la Amerika halijawahi kupatikana jino hata moja la jamii ya nyani wakubwa, isipokuwa la binadamu.

Watu hujibu: mifupa huoza, misitu ni mikubwa, hata maiti ya dubu ni nadra kuikuta. Sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijibu hivyohivyo. Ndipo nikausoma vizuri mlima St. Helens.

Mlima huo uko wilaya ya Skamania, jimbo la Washington, na hakuna mahali penye uhusiano mkubwa zaidi na kiumbe huyu. Mwaka 1924 wachimba madini walisema kwamba usiku kucha viumbe wenye manyoya walikipiga mawe kibanda chao kwenye korongo la mlima ule. Korongo linaitwa Ape Canyon hadi leo. Tarehe 1 Aprili 1969 wilaya ilitunga sheria ya kukataza kumwua Sasquatch, adhabu ikiwa faini ya hadi dola 10,000 na kifungo cha hadi miaka 5. Tarehe ile iliwafanya wengi wadhani ni utani wa Siku ya Wajinga, lakini sheria ilikuwa ya kweli, na ilirekebishwa mwaka 1984 kwa kupunguza adhabu. Sababu yake ilikuwa ya busara: watu wenye bunduki walikuwa wakimiminika msituni kutafuta kitu chenye umbo la mtu. Krantz aliamini kwamba hakuna ushahidi utakaokubalika bila kumpiga mmoja risasi. Kwenye hilo mimi ni wa upande wa sheria moja kwa moja.

Tarehe 18 Mei 1980 mlima ule ulilipuka. Ubavu mzima wa kaskazini uliporomoka, msitu ukalazwa chini kwa kilomita nyingi, watu 57 wakafa. Makadirio ya wanyama wakubwa waliokufa, yaani kulungu, elki na dubu, yanakaribia 7,000. Baada ya hapo eneo lile likawa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa kwa makini zaidi duniani: waokoaji, wanajeshi, wanajiolojia, wanaikolojia, wavuna magogo waliokuja kuokoa mbao, miaka kwa miaka. Kama kulikuwa na jamii ya Sasquatch mahali fulani, ilikuwa pale. Sitarajii kila mzoga uonekane. Ila mmoja, au fuvu moja kwenye majivu, kwenye wilaya iliyokuwa tayari na sheria ya kumlinda na watu waliokuwa na hamu kubwa ya kumkuta? Hakupatikana.

Halafu kuna kamera za kutegesha, zile zinazofungwa kwenye mti na kujipiga zenyewe mnyama akipita. Tarehe 28 Februari 2008, kamera ya mwanafunzi wa Oregon State University aliyekuwa akichunguza wanyama wengine kabisa kwenye msitu wa Tahoe, California, ilinasa mgongo wa wolverine, mnyama wa ukoo mmoja na nyegere. Wolverine alikuwa hajathibitishwa California tangu miaka ya 1920. Watafiti wakarudi, wakakusanya nywele na kinyesi, wakasoma vinasaba, na kugundua kwamba ni dume aliyetoka mbali, kwenye milima ya Rocky. Mnyama mmoja, mwenye ukubwa wa mbwa wa wastani, kwenye jimbo zima, akiwa peke yake. Tukapata picha yake, jinsia yake na ukoo wake. Sasquatch hawezi kuwa mmoja. Ili wadumu tangu enzi za wachimba madini hao lazima wawe mamia, wenye madume, majike, watoto na vizee, na kila mmoja anakula chakula cha mwili wa kilo mamia kadhaa kila siku, kwenye misitu yenye baridi ambako dubu wenyewe hulazimika kulala miezi ya njaa.

Hapo huwa naulizwa: basi maelfu ya watu waliomwona wote ni waongo?

Hapana. Nawaamini wengi wao kwamba waliona kitu, na nawaamini kwamba kiliwatisha. Lakini dubu mweusi akisimama kwa miguu ya nyuma ni kitu cha kutisha na cha kushangaza sana. Anasimama ili anuse na atazame, mikono imelegea mbele, mabega yameinama, na anaweza kupiga hatua kadhaa hivyohivyo. Unyayo wake wa nyuma una kisigino na vidole vitano, na anapotembea mara nyingi mguu wa nyuma hukanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele, na kuacha unyayo mmoja mrefu ambao hakuna dubu wala mtu mwenye mguu kama huo. Dubu aliyeugua ukurutu na kunyonyoka manyoya anakuwa wa ajabu zaidi. Mwaka 2007 picha za kiumbe mwembamba mwenye miguu mirefu kutoka Pennsylvania zilizunguka kote, na idara ya wanyamapori ya jimbo ikasema ni dubu mgonjwa. Mwaka 2009 wanasayansi waliochora ramani ya taarifa za Sasquatch magharibi mwa Marekani walikuta inalaliana sana na ramani ya dubu mweusi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kila dubu 1,000 wanapoongezeka eneo fulani, taarifa za Sasquatch huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Si kila taarifa ni dubu, maana zipo sehemu zenye dubu wachache na taarifa nyingi. Wengine waliona mtu. Wengine waliona kisiki wakati wa machweo. Na wengine, kama wale waliotangaza mwaka 2008 kwamba wana maiti ya Bigfoot kwenye friza huko Georgia, waliona pesa. Barafu ilipoyeyuka likabaki vazi la mpira.

Kuna jambo moja linaniudhi kweli kwenye mjadala huu, nami nalisema kwa sababu naona halisemwi vya kutosha. Watafutaji hupenda kuwataja wenyeji wa asili kama mashahidi wao: kwamba watu wa pwani ile walimjua kiumbe huyu karne nyingi kabla ya wazungu, kwa hiyo lazima yupo. Wasikilize basi wenyeji wenyewe wanasema nini. Watu wa Sts'ailes huko British Columbia, ambao jina Sasquatch limetokana na lugha yao na kutangazwa miaka ya 1920 na mwalimu J. W. Burns, wanamweka kwenye bendera yao. Kwao ni mlinzi wa nchi, anayeweza kupita kati ya ulimwengu unaoonekana na usioonekana. Wakwakwaka'wakw wana Dzunukwa, mwanamke mkubwa mweusi wa msituni mwenye kikapu mgongoni cha kuchukulia watoto, na pia mleta utajiri. Kinyago chake huchezwa kwenye sherehe za heshima kubwa. Hakuna kati yao aliyesema: tuna nyani asiyejulikana, mleteni mwenye kamera.

Wawindaji wa Rungwe walisema kuna kima, na watafiti wakakuta kima. Wambuti walionyesha kwato zilizopasuka, na zilikuwa zimepasuka kweli. Kosa la Johnston lilikuwa kutosikiliza walichosema. Wanaomsaka Sasquatch wanarudia kosa lilelile kwa njia nyingine: wanachukua mlinzi wa watu, wanamvua ulinzi wake, maana yake na nyimbo zake, wanabakiza manyoya tu, kisha wanawashukuru wenyeji kwa ushahidi ambao hawakuutoa.

Pamoja na yote hayo, mlango wangu sijaufunga kwa kufuli, na niko tayari kusema kitakachoufungua. Si video nyingine. Siku hizi video ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, maana kompyuta inaweza kutengeneza Sasquatch mzuri kuliko wa Patterson kwa muda mfupi sana. Sitaki pia mtu yeyote apigwe risasi. Nataka jino, kinyesi kibichi, au unywele wenye mzizi, ulioondolewa mtini kwa koleo safi na si kwa vidole, ukawekwa kwenye bahasha ya karatasi kavu, ukaandikwa siku na mahali, na kugawanywa kwa maabara mbili zisizojuana. Hata maji ya kijito yanatosha siku hizi, kwa kuwa kila mnyama anayekunywa au kuvuka huacha chembe za vinasaba vyake humo, na watafiti huzisoma ili kujua nani aliyepita. Bluff Creek bado inatiririka, na chupa ya kuchotea maji haihitaji kibali cha bunduki.